Mstari wa kuume ni wa kamiyo nzito, si wa muhogo wetu



Mwanzoni mwa msimu huu tulizunguka vijijini juu ya mambo ya mbegu na mbolea. Tulibeba karatasi zetu na picha za yule kiwavi anayetoboa majani ya mahindi, tukifikiri ndiye atakuwa habari ya kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Katika mkutano wa kwanza, mama mmoja alisimama kabla hatujamaliza kubandika picha, akasema: «Kiwavi tunamujua. Anakula mahindi ingali shambani. Lakini yale makamiyo ya kwenye gudroni yanakula mahindi yenye tumekwisha kuvuna. Nyinyi wa agronomia munasema nini?»

Tulijibu vibaya. Tulisema barabara si kazi yetu, kuna polisi wa rulaje, kuna serikali, kuna wenye makamiyo. Watu walinyamaza kwa heshima tu. Katika mkutano wa pili na wa tatu swali lilirudi lile lile, na jibu letu likazidi kuwa dogo. Mkulima akivuna gunia kumi zaidi kwa sababu ya mbegu tuliyomshauri, halafu zile gunia zikalala njiani siku mbili, sisi tumemsaidia nini? Basi leo tunaandika jibu ambalo tulipaswa kulitoa siku ile. Tunaonya mapema: nusu ya jibu hili haitawapendeza wenye makamiyo, na nusu ya pili haitatupendeza sisi wenyewe.

Tuzungumze juu ya barabara tunayoijua wote, ile ya RN1. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 90, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi karibu 120, na kutoka Likasi kufika Kolwezi karibu 180. Juu ya gudroni hiyo moja hupita shaba na kobalti zikienda Zambia, kisha kwenye bandari za Dar es Salaam, Durban na nyingine. Hurudi na asidi, salfa, chokaa, mafuta, mashini za migodi. Na juu ya gudroni hiyo hiyo tunapita sisi: Canter ya nyanya, Fuso ya mahindi, basi la abiria, moto yenye watu watatu, na yule kijana anayesukuma kinga yake na mifuko ya makala imempita kichwa.

Sehemu kubwa ya barabara hii iko na mstari mmoja wa kwenda na mstari mmoja wa kurudi. (Tunaita «mstari» ile njia ndogo inayochorwa kwa rangi ndani ya barabara, ambayo gari moja hupita ndani yake.) Lakini karibu na peyaje, na kwenye viingilio vya mji, barabara hupanuka ikawa na mistari miwili au zaidi kwa upande mmoja. Na pale isipopanuka, makamiyo yanaipanua yenyewe: mlolongo ukisimama, kamiyo ya nyuma inatoka, inaanzisha mlolongo wa pili pembeni, halafu wa tatu. Ukifika Kasumbalesa siku ambayo mpaka umefungwa kwa saa chache, utaona jambo hilo kwa macho yako. Barabara ya kwenda na ya kurudi imekuwa maegesho.

Sasa, sheria inasema nini? Wengi wanadhani hakuna sheria, kwamba mwenye gari kubwa ndiye sheria. Iko. Kodi ya barabara ya nchi yetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kabla yake, mwaka 1977, nchi yetu ilikuwa imekwisha kuingia katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Msingi wake ni mwepesi: unaendesha mkono wa kuume, karibu na ukingo; mkono wa kushoto ni wa kupita tu, na ukikwisha kupita unarudi kuume. Kwa maneno mengine, mstari wa kushoto si mahali pa kukaa. Ni kama mlango. Mtu anaingia na kutoka, hakuna anayeweka kiti chake ndani ya mlango.

Ule Mkataba wa Vienna unaongeza mambo mawili ambayo yanahusu makamiyo peke yake, na tunataka kila memba ayajue, juu hata mashofere wengi hatujawasikia wakiyataja. La kwanza: nje ya vijiji na miji, gari lenye uzito unaoruhusiwa wa zaidi ya kilo 3.500, ama lenye urefu wa zaidi ya meta 10, linapaswa kuacha nafasi mbele yake, kati yake na gari linalotangulia, ili gari dogo linalolipita liweze kuingia pale kati bila hatari. Yaani makamiyo matano hayaruhusiwi kwenda yameshikana kama gari moshi. La pili: gari zito au la polepole, likiona kwamba wa nyuma hawawezi kumpita vizuri kwa sababu barabara ni nyembamba au imeharibika, lipunguze mwendo, na ikihitajika lijitenge pembeni, wa nyuma wapite. Huo si upole wa shofere. Ni wajibu wake.

Katika nchi zenye barabara kubwa zaidi wamekwenda mbele kuliko hapo. Ufaransa, kwa mfano, kwenye barabara yenye mistari mitatu au zaidi kwa upande mmoja, gari la zaidi ya tani 3 na nusu, ama gari na remorke vyenye urefu wa zaidi ya meta 7, linaruhusiwa mistari miwili tu, ile ya kuume. Wa kushoto kabisa hawaingii, hata kama ni tupu.

Kwa nini ukali huo wote? Tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayotufanya tuelewe. Kamiyo moja ya meta 18 inakwenda kwa 50 kwa saa. Nyingine ya urefu ule ule, inayokwenda kwa 60, inataka kuipita. Inatoka meta 20 nyuma yake na kurudi kuume ikiwa meta 20 mbele yake. Ile tofauti ya kilometa 10 kwa saa ni chini ya meta 3 kwa sekunde. Kwa hiyo kupita kunachukua karibu sekunde 27, na katika sekunde hizo kamiyo imekwenda karibu meta 450. Ikiwa kuna basi linalokuja mbele kwa mwendo wa 80, nalo limekwisha kukimbia meta 600. Ongeza zote: unahitaji kilometa moja nzima ya barabara tupu, iliyonyoka, unayoiona mpaka mwisho. Ni wapi kati ya Likasi na Lubumbashi unaona kilometa nzima iliyo tupu mchana? Na pale kwenye mistari miwili, ambapo hakuna gari la kukukabili, zile sekunde 27 kamiyo mbili zimefunga barabara yote kama kizibo, na nyuma yake watu wanaanza kukasirika, na shofere aliyekasirika hupita mahali popote.

Kuna jambo jingine ambalo ni la kwetu hasa, hapa kwenye mpaka. Zambia wanaendesha mkono wa kushoto. Sisi tunaendesha mkono wa kuume. Kamiyo inayotoka Zambia, Tanzania au Afrika ya Kusini iko na usukani wake upande wa kuume, kwa sababu imetengenezwa kwa barabara za kule. Ikivuka Kasumbalesa inabadilisha upande wa barabara, lakini usukani haubadiliki. Shofere sasa ameketi upande wa majani, si upande wa katikati ya barabara. Akitaka kujua kama kuna gari linakuja, lazima atoe nusu ya kichwa cha kamiyo katika mstari wa wengine kabla jicho lake halijaona kitu. Na akitoka kuume kwenda kushoto pale penye mistari miwili, upande anaoingia ndio ule ambao kioo chake kinaona vibaya zaidi. Huyu si mtu mbaya. Lakini mtu wa namna hiyo ndiye ambaye angefaa kubaki katika mstari wa kuume kuliko wote, na asiuache isipokuwa kwa sababu kubwa.

Tafadhali msicheke wageni. Canter tunazokodi sisi, nyingi zilinunuliwa zikiwa zimetumika Japani, na Japani pia wanaendesha kushoto. Usukani wake uko kuume vile vile.

Hatari hii si ya kusimuliwa tu. Mwezi wa Februari 2019, kwenye barabara ya kati ya Kolwezi na Lubumbashi, kamiyo iliyobeba asidi iligongana na magari mengine, na watu wengi walikufa, wengine kwa kuunguzwa na ile asidi. Kila mara tunapoona kamiyo ya tanki ikitafuta nafasi katika mstari wa kushoto, tunakumbuka siku ile.

Sasa nusu ya pili.

Msimu wa mvua uliopita tulipanda Canter pamoja na koperative moja ya upande wa Likasi. Tulikuwa na nyanya na lengalenga, na tulitaka kuona wenyewe ni wapi mali inaharibika. Tuliondoka usiku. Kabla ya peyaje moja tulikuta makamiyo yamesimama, mistari mitatu, na ule wa kushoto ambao ungekuwa wa magari madogo nao umejaa remorke. Shofere wetu alizima mashini. Rais wa koperative, ambaye alikuwa mbele pamoja nasi, akatazama saa, akasema: «Papa, pita upande ule wa wanaorudi. Ni kidogo tu.» Shofere akatutazama. Sisi, wenye kitabu cha sheria ndani ya mfuko, tulitazama dirishani.

Alipita. Tulikwenda labda meta 300. Mbele ikatokea basi, taa zote zinawaka, nyuma yake magari mengine manne. Kuume kwetu kulikuwa na ukuta wa makamiyo, kushoto kulikuwa na mtaro. Kijana mmoja wa makala alikuwa pale pembeni anasukuma kinga. Alipoona hana nafasi alijitupa mtaroni na mzigo wake wote. Mifuko miwili ilipasuka. Alitutukana kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na hakuna tusi lililokosea. Kumbuka hakuyatukana makamiyo ya migodi. Alitutukana sisi, wakulima na wanaagronomia.

Ilichukua saa mbili watu kurudisha magari nyuma, moja moja. Tulifika soko saa nne asubuhi. Wale mama wanaonunua kwa jumla huja alfajiri. Walikuwa wamekwisha kununua na kuondoka. Nyanya zilizokuwa chini ya sanduku zilikuwa zimeanza kutoa maji. Tuliuza kwa nusu ya bei, na lengalenga tuliigawa karibu bure. Tungelibaki katika mlolongo wetu tungelifika saa mbili. Tungelipoteza kidogo, si nusu.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu mikutanoni tunasikia «wao, wao, wao». Wao wanafunga barabara, ni kweli. Lakini mlolongo wa tatu hauanzishwi na kamiyo ya shaba kila mara. Mara nyingi unaanzishwa na gari dogo la mwenye haraka, na wenye haraka kuliko wote ni wenye mboga.

Haraka hiyo, tunailipia wenyewe. Koperative nyingi tunazofanya nazo kazi zinampa shofere ziada akifika kabla ya jua kutoka. Tunaelewa sababu. Lakini angalia jambo tunalonunua kwa hiyo feza: tunanunua kupita kwenye mlima, kupita kwenye kona, kushika mstari wa kushoto kutoka Likasi hata peyaje. Halafu tunapakia gunia mpaka juu ya ukingo wa gari, na juu ya gunia tunaketisha watu, na gari lenye mzigo wa namna hiyo likipanda mlima linakwenda kama mtu anayetembea. Gari la polepole kuliko yote, na tumelilipia liende katika mstari wa wanaokimbia. Ni nani atakayeeleza hesabu hiyo?

Na muhogo. Tunajua tutawaudhi, lakini tuseme.

Gudroni ni nyeusi, inashika joto, na muhogo uliolowekwa ukianikwa juu yake unakauka upesi. Hata mahindi. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tano, ukipita kwenye vijiji vya kando ya barabara, unaona weupe umetandikwa kwenye ukingo wa kuume, meta 50, meta 100, na kuzunguka weupe huo mawe makubwa ili magari yasikanyage. Jioni muhogo unaondolewa. Mawe yanabaki. Mashofere nao wana desturi hiyo: gari likiharibika wanaweka mawe na matawi ya miti nyuma yake, gari likitengenezwa wanaondoka, mawe wanayaachia usiku.

Sasa fuata jambo linalotokea. Ukingo wa kuume umejaa muhogo, kwa hiyo mtu wa kinga anasogea ndani ya mstari wa makamiyo. Kamiyo inamkwepa, inaingia mstari wa kushoto. Katika mstari wa kushoto kuna basi ambalo lilikuwa linapita kwa haki yake. Basi linakwepa nalo, linaingia upande wa wanaokuja. Baadaye watu watasema «kamiyo ya migodi imeua». Ni kweli, kamiyo imeua. Lakini haikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu mahali pake tumepaanika chakula.

Kama wanaagronomia tuna sababu yetu nyingine ya kuchukia muhogo wa gudroni. Unashika mchanga, moshi wa mashini, vumbi la madini linalodondoka kutoka kwa makamiyo, na vipande vidogo vya mpira. Mwenye mashini ya kusaga anauona upesi, anashusha bei. Kukausha vizuri bila gudroni kunawezekana: katakata muhogo vipande vyembamba zaidi, uutandike safu moja juu ya bashi nyeusi au juu ya kichanja cha miti kilichoinuliwa mpaka kiunoni. Upepo unapita chini na juu, na kichanja kizuri hakitashindwa na barabara kwa siku nyingi. Mahindi vile vile. Kitu tunachotafuta ni maji yashuke mpaka karibu asilimia 13 kabla ya kuweka ghalani, na bashi kwenye uwanja wa nyumba inafanya kazi hiyo. Bashi inagharimu feza, tunajua. Ndiyo maana tunapenda ikanunuliwe na koperative na kuzungushwa kati ya memba, kuliko kila nyumba kuhangaika peke yake.

Kuna wanaosema dawa ni moja: makamiyo ya migodi yakatazwe mchana, yapite usiku tu. Tulilisikia hata kwa wazee tunaowaheshimu sana. Kwetu sisi hapana. Usiku ndio wakati ambao Canter zetu zinasafiri ili zifike sokoni alfajiri. Usiku kinga hazina taa, na yale mawe hayaonekani. Tena makamiyo hayo hayaleti asidi peke yake. Mbolea yetu inapita Kasumbalesa. Unga wa mahindi unaokula mji wa Lubumbashi, sehemu kubwa unatoka Zambia kwa njia hiyo hiyo, mwaka ambao mavuno yetu hayatoshi. Hatuombi makamiyo yatoweke. Tunaomba yakae mahali pake: katika mstari wa kuume, yakiachiana nafasi, na yakisimama, yasimame mstari mmoja.

Wengine wanasema: mambo ya mistari ni ya Ulaya, hapa hata rangi imefutika. Ni kweli rangi imefutika mahali pengi. Lakini kuume hakufutiki. Shofere asiyeona rangi bado anajua mkono anaolia nao bukari.

Tunapendekeza nini, basi? Jambo la kwanza halina gharama. Koperative ikikodi gari, iandike karatasi na mwenye gari, hata ya kurasa moja: gari litakaa kuume isipokuwa linapita, halitaanzisha mlolongo wa pili, halitaingia upande wa wanaokuja hata kama memba aliye mbele ataomba (hasa kama memba aliye mbele ataomba), hakuna mtu juu ya gunia. Na ile ziada ya kufika mapema ifutwe. Kama koperative inataka kumpa shofere zawadi, impe kwa mali iliyofika bila kupondeka. Tulifanya jaribio hilo na koperative mbili, na mashofere wenyewe walilipokea kwa furaha. Mmoja alituambia kwamba tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumlipa juu ya kwenda polepole.

Pamoja na hilo, mboga zichumwe kwa kufikiria barabara. Nyanya inayokwenda mbali ichumwe ikiwa imeanza tu kubadilika rangi, si ikiwa nyekundu tayari. Nyanya ya namna hiyo inaweza kuvumilia mlolongo wa usiku mmoja, na mwenye nyanya inayovumilia hana haja ya kumsukuma shofere. Lengalenga na sombe haziwezi kungoja; hizo ziende soko la karibu. Mahindi na maharagwe hayana haraka, kwa hiyo yasipakiwe pamoja na nyanya katika gari linalokimbizana na jua.

Jambo lililo gumu zaidi ni lile la milolongo, kwa sababu hapo mkulima peke yake hana nguvu. Pale ambapo makamiyo hungoja, kabla ya peyaje na kabla ya mpaka, panahitajika uwanja nje ya gudroni. Pia panahitajika mstari mmoja ulioachwa wazi kwa magari madogo, mabasi na ambulansi, na polisi wa rulaje wa kuulinda, si wa kuuuza. Sisi pia tunalipa kwenye peyaje. Risiti tunazo, na makatibu wa koperative wanapaswa kuzitunza zote kuanzia sasa, kwa sababu mtu mwenye risiti hasemi kama mwombaji. Tumeandaa barua kwa ajili ya wasimamizi wa teritware na wa jimbo. Ndani yake hatukuandika kwamba makamiyo ni mabaya. Tumeandika mahali penyewe, kilometa kwa kilometa, ambapo barabara inazibwa, kama memba walivyotuonyesha. Na katika ukurasa wa mwisho tumeandika mambo ambayo koperative zinaahidi kwa upande wao: kuondoa muhogo na mawe kwenye ukingo. Baadhi yenu mtapenda tufute ukurasa huo. Hatutaufuta, juu bila huo barua yote itarudishwa kwa sentensi moja, na ile sentensi itakuwa ya haki.

Barua itasomwa kwa sauti katika mkutano wa mwezi ujao wa kila koperative, kabla ya kutia sahihi. Mwenye kilometa ya kuongeza aje nayo. Mwenye gari ambaye hataki kukubali masharti ya kukodi aje pia atueleze sababu. Yeye ndiye aliye usukani, huenda kuna jambo tusiloliona.

Ile koperative ya nyanya imekwisha kununua bashi nne. Rais wake ameisoma makala hii kabla ya kuchapwa, akatuomba tusiandike jina lake wala la kijiji. Tulikubali, kwa sharti kwamba naye asiwaambie watu ni nani kati yetu aliyekuwa ameketi dirishani.